Ulimi wa Sikioni

Ulimi wa Sikioni ulikuwa mdogo kama punje ya mtama. Ukiuchomeka, mtu akisema lugha yake, wewe unasikia yako, tena kwa sauti nyororo kama ya mtangazaji aliyetoka kulamba asali. Katika jiji la Noruva, kule barafuni, kila mgeni alilazimishwa kuuvaa. Tangu hapo wageni hawakugombana tena.

Fundi wa roboti za kufulia hotelini, jina lake Sikujua, alikuwa Mzaramo aliyekosa Mnyamwezi wa kumtania. Akamwokota Ganzorig, mpishi Mmongolia, mtia chumvi kwenye chai.

"Hiyo si chai, mwanaume wee! Ni mchuzi uliokimbiwa na nyama."

"Wewe ni mtu wa heri," sikio likamletea jibu.

Mtani gani huyu, anatukanwa anashukuru! Lakini kila jioni waliketi pamoja. Ugenini kule hakuwa na ndugu mwingine.

Jioni moja Ganzorig alikuja na begi.

"Mama yangu amesafiri salama. Nami narudi nyumbani," Sikujua akasikia.

"Mwambie akununulie sukari, labda utapona!"

Chozi likadondoka kwenye chai.

"Mbona unalia?"

"Jioni ni njema," sauti nyororo ikasema.

Sikujua akashtuka, akauchomoa Ulimi, akauweka mezani. Ndipo akaisikia sauti ya Ganzorig mwenyewe: nzito, yenye mikwaruzo, inakatika katikati. Ganzorig akamwonyesha simu. Picha ya bibi kizee, imezungushiwa kitambaa cha buluu, taa ya mafuta inawaka mbele yake. Hapo hapakuhitaji mkalimani.

Kumbe mashine ilifua maneno kama roboti zake zilivyofua mashuka. Matusi yake hayakuwahi kufika, na msiba wa mwenzie ulimfikia umepakwa marashi.

Kwao, msibani, mtani hulala kaburini akagoma kutoka mpaka wafiwa wacheke. Kaburi lilikuwa mbali. Basi Sikujua akajitupa juu ya begi, katikati ya ukumbi wa hoteli, watu wanatazama, akaangua kilio cha uongo.

"Haendi mtu! Nani atanipikia mchuzi?"

Ganzorig akauchomoa Ulimi wake. Akacheka hadi mabega yakatetemeka, kisha kicheko kikageuka kilio, na safari hii hakuna aliyekilainisha.

Gari lisilo na dereva likafika. Mlangoni Ganzorig alimshika Sikujua mikono, akasema maneno marefu. Sikujua hakuambulia hata moja, ila aliitikia yote kwa kichwa.

Gari lilipoondoka, akakimbilia Ulimi wake mezani, labda ulinasa kitu. Ulikuwa umenasa.

"Asante kwa ushirikiano wako."

Akautupa kwenye kapu la nguo chafu. Akavuta kikombe cha Ganzorig, akaionja chai. Mbaya vile vile alivyosema siku zote.

Akainywa yote.