Nishikie Nafasi

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghorofa Chapu na Kicheko walipotumwa kumalizia kona ya benki. Kazi ya nusu saa tu: kufagia, kumwaga maji ya sabuni, kusugua. Kesho yake wakubwa wa jiji wangepita kwa miguu kukagua kampeni ya usafi na usalama. Msimamizi wao, ambaye wafagiaji walimwita Kipenga kwa kuwa hakuwahi kumwita mtu kwa mdomo, alitaka kona ile ing'ae.

Chapu alipewa jina hilo kwa wepesi wa mikono yake. Kicheko hakuhitaji kuelezwa, ukimsikia mara moja umemjua. Akicheka, wauza magazeti wa ng'ambo ya barabara nao walicheka, bila hata kujua wanachekea nini. Wanawake hawa wawili walikuwa wamefagia pamoja miaka sita. Walikula sahani moja, na binti wa Kicheko, mtoto wa miaka minane, alimwita Chapu mama mkubwa.

Kona ilikuwa tupu, na hawakuwahi kuiona hivyo. Kwa miaka yote palikaa bibi kizee mmoja, mgongo ukutani, juu ya kipande cha boksi. Hakuomba wala hakuuza kitu. Alikaa tu, na wapita njia waliotaka walimpa chochote. Asubuhi ile askari wa jiji walikuwa wamembeba kumpeleka kwenye makao ya wazee, kwani amri ilisema hakuna mtu kukaa chini katikati ya jiji. Bibi hakuwatukana. Aling'ang'ania tu ukingo wa mfuniko wa chuma wa chemba ya maji machafu aliokuwa akiukalia, akirudia maneno mawili, nani atakaa, nani atakaa, hadi vidole vikatoka damu. Aliyembandua vidole hivyo, kimoja baada ya kingine, kwa upole, alikuwa Chapu. Kipenga alimtuma yeye kwa sababu ni mwanamke.

Jambo hilo lilikuwa limemkaa Chapu rohoni mchana kutwa.

Kicheko alimwaga ndoo ya kwanza. Maji yalipaswa kuteremka kuelekea mtaroni, upande wa barabara. Hayakuteremka. Yalisimama kidogo, kama yanayosikiliza... kisha yakageuka yote, yakapanda kidogo, yakaenda kwenye mfuniko na kuingia pembeni mwake.

Bila sauti.

"Umeona?" Kicheko alinong'ona.

Chapu alimjibu kwamba mafundi waliojenga pale walikuwa walevi, basi. Kicheko akacheka. Sabuni ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Chapu akachukua ndoo na kwenda stoo, mwisho wa mtaa. Njia nzima alisikia kicheko cha mwenzake nyuma yake, akajua amepata mtu wa kupiga naye soga.

Alikuwa anafunga mlango wa stoo alipogundua kwamba kicheko kile hakijapumzika. Mtu hucheka, hupumua, hucheka tena. Hiki kilikuwa kimoja tu, kirefu, kikiendelea.

Alirudi mbio, maji ya sabuni yakimrukia miguuni.

Hapakuwa na mtu. Ufagio ulikuwa umelala chini. Mfuniko ulikuwa umesogea, ukaacha upenyo mweusi kama mwezi mchanga. Alitegemea harufu ya maji machafu, lakini iliyotoka mle ilikuwa harufu ya sabuni. Nzuri. Kali. Harufu ya shuka zilizofuliwa za mtu aliyefariki.

Na kicheko kilitoka mle ndani, mbali sana chini. Kicheko cha mtu anayetekenywa huku akiomba aachwe.

Chapu alipiga magoti. Alifungua mdomo kuita.

"Nipo hapa."

Kicheko alikuwa amesimama nyuma yake. Sare yake haikuwa na tone la maji, ilikuwa na mikunjo mipya ya pasi. Hata kucha zake zilikuwa nyeupe. Alinyoosha mguu, akausukuma mfuniko kwa ncha ya buti, chuma ambacho wanaume wawili hukiinua kwa nondo, nao ukajifunga taratibu.

Hadi ulipojifunga kabisa, yule wa chini alikuwa bado anacheka.

Wakubwa walipita kesho yake wakasifu. Juma lile lote Kipenga alitembea kifua mbele. Kicheko alifagia mitaa mitatu wakati wenzake wanafagia mmoja. Hakutoka jasho. Hakuomba maji. Mapumziko yalipofika alisimama wima kando ya ukuta akitazama barabara, na mtu akitupa karatasi, shingo yake iligeuka kabla karatasi haijagusa chini. Wauza magazeti walimtania kama zamani, aliwatazama wakanyamaza. Chapu alijaribu kuwaeleza wenzake alichokiona. Mmoja alisema amechoka, mwingine akasema ana wivu. Alipofika kwa Kipenga, aliambiwa kwamba kama kuna dawa iliyomfanya Kicheko awe vile, basi wafagiaji wote wagawiwe.

Siku ya tano, jioni, mtoto wa Kicheko alibisha mlangoni kwa Chapu. Alikuwa peke yake, ameficha mikono kwapani. Chapu alimkalisha kitandani, akaibembeleza mikono itoke. Ilikuwa myekundu, imechubuka hadi kwenye viwiko.

"Mama ananisugua," mtoto alisema. "Anasema bado kuna uchafu."

Usiku, alieleza, mama halali. Husimama tu kando ya kitanda na ufagio. Mtoto alisema yote hayo polepole, bila kulia, kisha akauliza kama anaweza kukaa pale mpaka mama yake arudi. Hakusema mpaka mama apone. Alisema mpaka arudi.

Chapu alimpaka mafuta, akamlaza, akaketi macho hadi kukucha. Asubuhi alimwacha kwa jirani na kwenda makao ya wazee.

Bibi alikuwa kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Nyonga ilikuwa imevunjika siku ile walipombeba. Chapu alianza kuomba radhi, na bibi akamkatiza kwa kuuliza ni nani ameingia mle chini.

"Rafiki yangu," Chapu alisema.

Bibi alifumba macho. Akasimulia kwa kifupi, kama mtu aliyekwisha kulisema jambo moyoni mara nyingi. Hakuwa mganga wala mchawi. Alikuwa mpishi wa nyumba moja, kijana wakati huo, akipita pale na kikapu cha sokoni. Alimkuta mwanamke amekaa kwenye kona, midomo imekauka. Mwanamke yule alimwomba kitu kimoja.

"Aliniambia, nishikie nafasi nikanywe maji. Nikakaa. Hakurudi."

"Kwa nini hukuinuka ukaondoka?"

"Niliinuka mara moja. Mume wangu alikuwa amekuja kunichukua." Bibi aligeukia dirisha. "Nilikaa tena siku ileile. Nilichelewa."

Kilichomo mle chini hakukijua. Nani alikiweka, hakujua. Alichokijua ni kwamba mtu akikaa juu, kitu hicho hulala. Na kikilala, aliyeingia huanza kupanda. Mume wake alifika mbali, alisema. Alikuwa anamsikia akikwaruza karibu kabisa. Kisha ilitokea mvua kubwa, yeye akapata homa, watu wema wakambeba hospitali siku mbili. Aliporudi hakusikia tena kitu. Hata hivyo aliendelea kukaa.

Chapu hakuenda nyumbani. Alinunua maji na mkate, akatandika boksi kwenye kona ya benki, akaketi juu ya chuma. Kilikuwa baridi, baridi ya kupenya mifupa, na kilitetemeka chini yake kama koo la mtu anayemeza. Baada ya saa moja kikatulia.

Alikaa usiku kucha. Mlinzi wa benki alimdhania amefiwa akamwazima koti.

Mchana wa pili, Kicheko alikuwa anafagia ng'ambo ya barabara. Mikono ikasita. Chapu aliona kitu ambacho hakukiona kwa juma zima: jasho, mstari mmoja, ukishuka shavuni. Kicheko alivuka barabara kama mtu anayetembea usingizini. Alisimama mbele yake.

"Mtoto amekula?" aliuliza, kwa sauti yake mwenyewe.

"Amekula. Yuko kwa jirani yangu. Njoo, shoga. Endelea kuja."

Na chini ya Chapu, karibu sana, kitu kilikwaruza chuma. Kucha. Za mtu anayepanda.

Machozi yalimtoka. Akaukandamiza mfuniko kwa mwili wote, akihofia kwamba akipumua vibaya tu atakiamsha kile kilicholala. Jua lilikuwa linainama. Alihesabu kwamba akikaa hadi asubuhi, pengine itatosha.

Kipenga alifika saa kumi na mbili kasoro, na askari wanne wa jiji. Hakuwa mtu mbaya. Alimsihi kwanza. Alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisaidia kumwondoa bibi pale, sasa watu watasemaje wakiona mfanyakazi wa usafi amegeuka kuwa yule yule? Chapu alimwomba usiku mmoja tu. Alimwambia aweke sikio chini asikilize.

Kipenga, kwa huruma au kwa uchovu, aliinama kweli. Akasikiliza. Uso wake ukabadilika. Aliinuka taratibu akafungua mdomo, akawatazama askari, akawatazama watu waliokuwa wameshajaa wakirekodi kwa simu. Kisha akafunga mdomo.

"Mwondoeni," alisema, na akageuka upande.

Kicheko alikuwa amesimama kando yao. Jasho lilikuwa bado linamtiririka walipomwinua Chapu mabega. Boksi lilipoteleza tu, jasho likakauka. Chapu aliliona likikauka. Ule uso ukanyooka, ukawa laini kama sahani, na sauti nyingine ikasema:

"Ahsante. Alikuwa anachafua."

Kukwaruza kulikoma. Kwa mbali, chini kabisa, kicheko kilianza upya.

Chapu alifukuzwa kazi juma lile. Alihamia mwisho wa mji na mtoto, chumba na sebule, mlango wa chuma na komeo mbili. Anafua nguo za watu. Kipenga aliacha kazi bila kuaga, na wanaomfahamu wanasema halali bila taa. Jiji lilipata kombe la usafi, na mtaa ule unapigwa picha. Wafagiaji wake sasa ni wengi, wapole, hawaombi likizo. Chapu alirudi mara tatu kujaribu kukaa. Mara zote aliwakuta saba, wamesimama kuzunguka mfuniko, wakimsubiri.

Mwezi uliopita, alfajiri, alikuta uwanja wa nyumba umefagiwa. Alidhani ni jirani, akashukuru. Juzi ilifagiwa baraza, hadi kwenye kizingiti, mistari ya ufagio imenyooka kama ya rula. Hakumwambia mtoto. Usiku alisukuma kabati mlangoni, akamlaza mtoto upande wa ukutani, akajilaza mbele yake.

Leo ameamka kabla ya jogoo. Kabati liko mahali pake. Komeo zote mbili zimefungwa kwa ndani.

Sebule imefagiwa.