Gari la Picha Nane

Kila siku akitoka shule, Msasa alikuwa na kazi tatu kabla ya kufungua daftari: kujaza pipa la maji, kufagia banda la baba yake, na kukata magazeti ya kufunikia vioo vya magari. Baba yake alikuwa fundi rangi. Magari yaliyogongwa, yaliyochubuka na yaliyochakaa yaliletwa kwenye banda lile la mabati nyuma ya nyumba, yakatoka yanang'aa utadhani yametoka kiwandani jana.

Jina la Msasa alipewa na majirani. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akimsaidia baba yake kusugua milango kwa karatasi ya msasa, na waliomjua vizuri walisema jina hilo lilifaa zaidi ulimi wake kuliko mikono yake. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na hata ulimi ulikuwa umepungua makali kwa uchovu. Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Mama alishinda amesimama akipiga pasi kwenye duka la dobi, na jioni alirudi miguu imevimba, akakaa kizingitini na kuomba maji kabla hata ya kuvua viatu. Baba naye alikuwa akikohoa.

Kikohozi cha Baba hakikuwa cha mafua. Kilianza kwa kumkatiza maneno, kisha kikawa kinamwamsha alfajiri kabla ya jogoo. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamwambia bila kuzunguka, "Fundi, umevuta rangi miaka ishirini, tena bila barakoa. Mapafu yako yamechoka. Ukiendelea kupuliza rangi, dawa zangu hazitafua dafu. Tafuta kazi nyingine."

"Kazi nyingine!" Baba alimwambia Mama alipofika nyumbani. "Anasema kama vile kazi zinauzwa sokoni kwa mafungu."

Hata hivyo, wazo lilimjia. Mwaka uliopita alikuwa amelipaka rangi gari la zamani sana la mwenye hoteli mmoja. Gari lile lilikuwa na pua ndefu na taa za mviringo, na maharusi waliligombania. Lilifanya kazi Jumamosi tu, likalala siku nyingine zote, na bado lilimlisha mwenyewe. Baba alianza kutafuta gari la aina hiyo. Angevaa shati jeupe, angeendesha polepole, na asingeshika tena mashine ya kupulizia rangi maishani mwake.

Alilipata kwenye simu. Gari lilikuwa rangi ya maziwa, linauzwa katika mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa barabara. Muuzaji alituma picha nane. Baba aliziangalia asubuhi, akaziangalia mchana, akaziangalia akiwa anakula mpaka Mama akamwuliza kama anataka kijiko kingine cha kulishia simu.

Macho ya Baba hayakuona vizuri maandishi madogo, kwa hiyo kazi ya kuandikiana na muuzaji ilimwangukia Msasa. Baba alimpa maagizo.

"Mwambie hizi picha zote ni za mbele na upande wa kulia. Nataka upande wa kushoto. Nataka na picha ya chini ya gari. Halafu mwambie achukue sumaku, aipitishe milangoni sehemu za chini. Bati linashika sumaku. Puti ya kuzibia matundu haishiki. Sumaku ikidondoka, ujue hapo pana tundu limezibwa, limepakwa rangi juu."

Msasa aliandika yote. Muuzaji alijibu neno moja: "Kesho."

Kesho yake alisema hivyo hivyo, na kesho kutwa vile vile. Kila jioni Baba alitoka bandani, uso umejaa vumbi, na kabla hajanawa aliuliza, "Amejibu?" Na kila jioni Msasa alisema bado, akaona mabega ya baba yake yanashuka. Ilikuwa wiki ya mitihani. Kichwa kilimgonga, mgongo ulimuuma, na mara mbili alilala juu ya kitabu cha hesabu, akaamka na namba zimemganda shavuni.

Siku ya tano muuzaji aliandika ujumbe mrefu kidogo: "Kuna mteja mwingine amelipenda. Atakayetanguliza nusu ya bei ndiye mwenye gari."

Msasa alimsomea Baba. Baba alikaa juu ya debe, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamtazama binti yake kama mtu anayeomba.

"Na sumaku je? Ameshapima?"

Msasa alikuwa amechoka. Alichoka kuulizwa, alichoka kusema bado, na zaidi ya yote alichoka kukisikia kile kikohozi. Maneno yakamtoka yenyewe. "Ameshapima, Baba. Imeshika kote. Na upande wa kushoto amesema ni sawa na wa kulia."

Uso wa Baba ukachanua. Msasa alikuwa hajauona hivyo kwa miezi mingi, na kwa dakika moja alijiona amefanya jambo jema.

Mama ndiye aliyesita. "Baba Msasa, wewe mwenyewe unajua rangi inavyoficha mambo. Unakwenda kununua mbuzi kwenye gunia?"

"Sumaku imeshika, mke wangu. Mtoto kaulizia kila kitu."

Msasa hakuinua macho kwenye kitabu. Baba alituma nusu ya bei siku ile ile. Nusu nyingine, ambayo ndiyo akiba yote iliyobaki ndani ya nyumba, angemkabidhi dereva wa lori gari likifika.

Siku tisa za kusubiri zilikuwa ndefu kuliko mwaka. Baba aliacha kupokea kazi za rangi. Aliwatangazia majirani, na jioni alifanya mazoezi ya kufungua mlango wa gari ambalo halijafika na kuinama, huku Mama akijifanya bibi harusi na miguu yake iliyovimba. Walicheka wote wawili. Msasa hakuweza kucheka. Mara tatu alisogea karibu na baba yake ili aseme, na mara tatu akauliza kitu kingine kabisa, kama Baba anataka chai.

Jumamosi asubuhi lori likasimama mbele ya nyumba. Dereva alishuka akiwa na macho mekundu ya mtu aliyekesha njiani, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia. Juu ya lori, gari lilikuwa limefungwa kwa minyororo, upande wa kulia ukitazama barabara. Jua lililipiga, nalo likawaka. Watoto walipiga vigelegele na majirani wakatoka.

"Fundi, mimi nimechoka hoi," dereva alisema. "Mwenye gari ameagiza nipokee malipo kwanza, ndipo nishushe. Tumalizane, nikalale."

"Na tumalizane," Baba alisema. Alitoa bahasha mfukoni.

Msasa aliitazama ile bahasha. Aliyaona mapafu ya baba yake mle ndani, na miguu ya Mama, na akajua kwamba ikishatoka mkononi mle hairudi.

"Baba, usilipe!"

Watu wote waligeuka. Msasa alihisi uso unamwaka moto, lakini hakunyamaza. "Sumaku hakupima. Kila siku alisema kesho. Nilikudanganya."

Baba alimtazama. Kisha akairudisha bahasha mfukoni, akaingia bandani, akatoka na sumaku yake, akamwomba dereva ruhusa ya kupanda.

Upande wa kulia sumaku ilishika vizuri, tena kwa sauti. Baba akazunguka upande wa kushoto, ule ambao haukuonekana kwenye picha hata moja. Akaiweka sumaku chini ya mlango wa mbele. Ikadondoka. Akaiweka mlango wa nyuma. Ikadondoka. Akagonga kwa kidole, ikasikika sauti nzito kama ya ukuta wa udongo. Alipolala chali na kuchungulia chini ya gari, alibonyeza sakafu kidogo tu, na kipande cha kutu chenye ukubwa wa sahani kikamwangukia kifuani.

Alishuka polepole, akijipangusa.

"Aliyelipaka ni fundi kweli," alisema. "Kazi nzuri sana. Ningekuwa mimi, nisingelipaka vizuri kuliko hivyo."

"Kinyozi hajinyoi," mtu mmoja alisema nyuma, na wachache wakacheka. Baba hakucheka. Alimpigia muuzaji simu, akasema hatalipokea gari. Muuzaji alifoka, akasema nusu iliyotangulizwa hairudi ng'o, akakata. Akapigiwa tena, simu ilikuwa imezimwa.

Dereva alikuwa amesimama pembeni, usingizi umemruka. "Nitalirudisha," alisema. "Ni kosa lake, atanilipa yeye. Lakini Fundi, mwezi huu hili ni la tatu. Nabeba magari ya watu ambao hawajayaona hata kwa dirisha. Wangekuwa na mtu mwenye jicho kama lako wa kuwaangalizia, wasingelia." Aliiandika namba ya Baba kwenye kiganja chake cha mkono, akapanda lori, akaondoka.

Siku zilizofuata Baba hakumpiga Msasa wala kumfokea. Hakusema naye kabisa, isipokuwa kwa maneno ya lazima. Jumatatu alirudi bandani. Msasa akiwa anafagia uani alisikia mashine ikipuliza rangi, kisha kimya, kisha kikohozi, kisha mashine tena. Angechagua fimbo kumi kuliko sauti ile. Alilia nyuma ya pipa la maji, na Mama alimkuta huko, akamwacha alie.

"Si mimi wa kukwambia nyamaza," Mama alisema, akimpa kitambaa. "Lakini uliyoyasema mbele ya lori, watu wazima wengi yangewashinda. Mpe baba yako muda."

Wiki ya tatu simu ililia. Alikuwa mwanamke mmoja, mwalimu wa mji wa mbali. Dereva wa lori ndiye aliyempa namba. Alikuwa amependa gari kwenye picha, liko katika mji huu huu wa akina Msasa, na aliogopa kulinunua bila kuliona. Je, Fundi angekubali kwenda kumwangalizia kwa malipo, kisha amwandikie alichokiona?

Baba alikubali. Alipokata simu alibaki ameishikilia, kama mtu aliyeokota kitu asichojua kama ni chake.

Siku ya kwenda alivaa lile shati jeupe alilokuwa ameliandaa kwa ajili ya maharusi. Alimwita Msasa, akampa daftari jipya na kalamu.

"Twende. Mimi nitaangalia, wewe utaandika."

"Mimi, Baba?" Msasa alisema. "Baada ya yote yale?"

Walitembea taratibu, kwa sababu kifua cha Baba hakikuruhusu haraka. Walipofika kwenye lango la mwenye gari, Baba alisimama apate pumzi. Akaegemea ukuta.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilichoka, Baba. Kila jioni uliniuliza, na kila jioni sikuwa na jibu."

"Jibu ulikuwa nalo. Jibu lilikuwa 'bado'. Ni neno dogo na halifurahishi, lakini lilikuwa la kweli, na lingenisimamisha. Ukichoka, mwanangu, sema umechoka. Ukiwa hujui, sema hujui. Uongo unakupumzisha jioni moja tu, halafu unawachosha watu wote nyumbani."

Msasa aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Baba."

"Nimeshakusamehe. Na mimi sina budi kusema langu." Alikohoa kidogo, akafuta mdomo. "Picha nane, zote za upande mmoja. Mimi niliyefanya kazi hii miaka ishirini nilijua maana yake siku ya kwanza. Nilitamani sana iwe kweli, nikakuuliza swali huku nikikuonyesha usoni jibu ninalolitaka. Mtu mzima hatakiwi kumfanyia mtoto hivyo. Tulidanganyana wawili, tukalipa wote. Lakini nusu iliyobaki ndiyo tunayoila sasa, na aliyeiokoa ni wewe."

Msasa aliishika kalamu kwa nguvu mpaka vidole vikauma.

"Basi nisikilize," Baba alisema. "Huyu mwalimu hatuoni, wala gari halioni. Yuko mbali, na akiba yake ameiweka mbele kama tulivyoweka sisi. Ataona kwa macho yangu na atasikia kwa mkono wako. Andika tulichokiona. Tusichokiona, andika kwamba hatukukiona. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na hakuna nyingine."

Akabisha hodi. Mwenye gari akafungua lango akitabasamu, akawakaribisha, akawaonyesha upande wa gari uliokuwa juani. Baba alimshukuru, akapita mbele ya gari, akaenda moja kwa moja upande wa pili. Msasa alifungua daftari ukurasa wa kwanza, akamfuata.