Mineur wa Sheria na Mineur wa Shimo

Kila asubuhi Ketsia alipanga foleni na bidoni yake ya maji kwenye bomba la mtaa wa Mwandiga, mjini Baraka, na kila asubuhi mtu fulani alijaribu kumpita kwa ujanja. Hakunyamaza hata siku moja. "Mama, huu mustari haiko wa mapambo!" alipaza sauti. Bamama wakacheka na kumwita avocat, yaani wakili. Jina hilo lilimpendeza mno. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alisoma mwaka wa sita, na alishaamua kwamba akikua atavaa joho jeusi na kutetea watu mahakamani.

Alhamisi moja alirudisha maji nyumbani, akafagia ua, akala muhogo uliobaki jana kwa chai, halafu akampitia rafiki yake Joselyne. Wazazi wa Joselyne walikuwa wakimbizi kutoka Burundi, nao walilima shamba la kukodi nje kidogo ya mji. Siku hiyo wasichana hao walitembea upesi. Maître Jérémie, mwalimu wao, alikuwa atoe matokeo ya jaribio la elimu ya uraia. Wanafunzi ambao hawakukosa hata swali moja wangekwenda Fizi kushindana na shule nyingine juu ya sheria na haki za mtoto. Ketsia aliitaka safari hiyo kuliko kitu chochote. Alikuwa ameshapiga pasi sare yake ya kwenda nayo.

Joselyne hakukosa hata swali moja. Ketsia alikosa moja tu.

Aliitazama karatasi yake, na masikio yakamwaka moto. Mtihani ulikuwa wa Kifaransa, kama mitihani yao yote, wa kuchagua jibu moja kati ya manne. Swali alilokosa, kwa Kiswahili, lilisema hivi: "Kufuatana na Sheria ya Familia, mineur ni nani?" Jibu A lilikuwa mtu anayechimba madini. Jibu B lilikuwa mtu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane. Jibu C lilikuwa mtoto ambaye hajaanza shule, na D, mtu asiyejua kusoma. Ketsia alikuwa ameweka alama kwenye A, tena alama nene.

"Maître, unanionea!" alisema, na alikuwa ameshasimama. "Papa yangu iko mineur. Anachimba dhahabu kule Misisi, muntu yote anajua! Namna gani jibu yangu inakuwa mubaya?"

Darasa likaanza kunong'ona. Nusu yao walikuwa wamechagua A vilevile, na sasa wote waliona wameonewa.

Maître Jérémie hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu aliyezoea kuegemea ubao hadi koti lake likawa na chaki mgongoni. "Muntu asiyeridhika na hukumu ana haki ya kukata rufaa," alisema. "Basi kata rufaa. Kesho asubuhi utatetea jibu lako mbele ya darasa, na ushahidi wako. Ukishinda, nakurudishia pointi na unakwenda Fizi."

Ketsia alirudi nyumbani akipiga teke kila jiwe. Baba yake, Papa Néhémie, alikuwa amekuja kutoka machimboni kupumzika kidogo. Alikuwa uani akisugua tope kwenye mabuti yake. Aliposikia kisa hicho aliyaweka chini.

"Nini? Mwalimu anasema mi siko mineur?" aliuliza. "Nimeingia mu shimo mbele ule Jérémie hajashika chaki! Mugongo wangu inajua! Kesho tutaenda wote wawili."

"Aksanti, papa," alisema Ketsia, na kifua chake kikajaa. Alikuwa na shahidi, tena shahidi gani!

Kando yao kaka yake Lionel alikuwa akifunga mfuko. Alikuwa na miaka kumi na tano, na Jumatatu angeondoka na baba kwenda Misisi kubeba viroba vya mawe. "Shule itamungoja, shimo haiwezi kungoja," baba alikuwa amesema, na mambo yakaishia hapo. Vijana wengi wa mtaa walikwenda hivyo. Mama yao, Mama Suzanne, alitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu zaidi ya ile inayohitajiwa na majani hayo.

Asubuhi Papa Néhémie aliingia darasani na shati lake la kanisani. Watoto wote walisimama kumsalimu. Alinyoosha viganja vyake vyenye sugu ili kila mmoja avione.

"Maître, tuheshimiane," alisema. "Mikono hii iko ya mineur. Kama mutoto wangu amesema ukweli, juu ya nini unamupa sifuri kwa ile swali?"

"Papa Néhémie, hakuna muntu anabisha kazi yako," alijibu mwalimu kwa adabu, akampa karatasi. "Tafazali, utusomee hili swali kwa sauti. Lote, tangu neno la kwanza."

Papa Néhémie alisoma polepole, Kifaransa chake cha zamani kikikwaruza. "Kufuatana na Sheria ya Familia…" Akarudia maneno hayo matatu ya mwisho kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Sheria ya Familia inaongea juu ya nini?" aliuliza Maître Jérémie.

"Ndoa," alisema Joselyne. "Bazazi na batoto."

"Inaongea juu ya mawe na dhahabu?"

"Hapana," darasa lilijibu.

Ketsia alihisi rufaa yake ikimtoka mikononi, na hasira ikampanda upya. "Lakini A iko ya kweli!" alilalamika.

"Ni ya kweli kabisa, maana neno hilo la Kifaransa lina maana mbili, na ndiyo sababu niliiandika," alisema mwalimu. "D hakuna aliyeichagua hata mmoja, kwa kuwa uongo wa wazi haukamati muntu. Jibu linalokamata ni lile la kweli, lakini la swali lingine. Najua tunakaa wapi. Hapa kwetu mutoto akisikia mineur anaona shimo mbele ya macho, na mukono unakwenda wenyewe."

"Basi ulitutega!"

"Niliwatega, ndiyo. Afazali munaswe hapa na mimi kuliko munaswe Fizi na watu wasiowajua. Sasa weka kiganja juu ya majibu yote. Soma swali mupaka alama ya kuuliza. Ujijibu wewe mwenyewe, halafu ufunue."

Ketsia alifunika majibu na kusoma. Sheria ya Familia. Mineur. Jibu likaja lenyewe: mtu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane. Alilijua! Walijifunza wiki ileile, na yeye ndiye aliyeinua mkono wa kwanza. Hilo lilimuudhi kuliko sifuri yenyewe. Hakuna aliyemwonea. Alikuwa amekimbilia A bila hata kuitazama B.

Joselyne aliinua mkono. "Maître, na mineur wa B, anaweza kuwa mineur wa A?"

Darasa zima likacheka. Maître Jérémie hakucheka.

"Hapana," alisema. "Sheria ya nchi inakataza mutoto kufanya kazi ya machimbo. Udongo unabomoka, na viroba vinavunja mugongo ambao bado unakua. Mineur hawezi kuwa mineur. Hilo mulishike hata kama mutasahau mengine yote."

Ketsia aliinua macho. Baba yake alikuwa akitazama sakafu. Angeweza kunyamaza, maana si vizuri mtoto kumwaibisha mzazi mbele za watu. Lakini jana alikuwa amepiga kelele darasani kwa ajili ya pointi moja, na pale nyumbani mfuko wa kaka yake ulikuwa umeshafungwa.

"Papa, unisamehe," alisema. "Yaya Lionel, kaka yangu, iko na miaka kumi na tano. Mi umekuja kunitetea juu ya pointi moja. Yeye, nani atamutetea?"

Papa Néhémie alimrudishia mwalimu karatasi, akatoka bila kuaga.

Siku nzima Ketsia hakusikia somo lolote. Alipofika nyumbani aliingia kwa kunyata, akitegemea kuchapwa. Baba alikuwa amekaa uani, mfuko wa Lionel uko wazi mapajani mwake. Alitoa tochi ya kichwani, akaiweka kando, kisha akaingiza madaftari ya shule moja baada ya jingine. Lionel alikuwa ameegemea ukuta, amekunja uso, kwani alishawaaga rafiki zake kwa majivuno. Mama Suzanne alikuwa akiimba jikoni.

"Kuja hapa, avocat," baba aliita. Ketsia akasogea.

"Umenikosea adabu mbele ya batoto ba benyewe. Siku ingine uniite kando." Akaufunga mfuko. "Lakini ulisema kweli. Mwalimu aliniomba nisome swali yote, na mi nilikuja na neno moja tu mu kichwa. Na kwa Lionel nilifanya vilevile. Niliona mabega, nikasema iko na nguvu. Miaka yake sikuisoma. Kitu tunaiona kila siku mu barabara, tunazani njo jibu. Haiko vile. Usome swali mupaka mwisho, mutoto wangu, ata kama mukono inakuwasha. Na mi nitasoma."

Jumatatu Papa Néhémie aliondoka kwenda Misisi peke yake. Siku ileile Joselyne alipanda pikipiki kwenda Fizi, na Ketsia alimsindikiza hadi kituoni. Kusema kweli alikuwa bado na uchungu, na sare yake iliyopigwa pasi ilikuwa imetundikwa nyumbani bure. Hata hivyo pikipiki ilipoanza kunguruma alikimbia nyuma yake na kupaza sauti:

"Joselyne! Ufunike na kiganja!"

Ng'ambo ya barabara Lionel, amevaa shati jeupe na suruali ya bluu, alikuwa akielekea shuleni, bado amenuna.