Debe la Mlangoni

Bwana Shamba alikutwa kifudifudi nyuma ya mlango wa ghala la kikundi, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea upenyo wa chini. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka. Nyuma yake magunia ya mahindi yalipangwa juu ya mbao, mbali na ukuta, kama yeye mwenyewe alivyowafundisha.

Inspekta alimtazama, akangoja moyo useme kitu. Haukusema. Makonstebo walimwita Ganzi kisirisiri. Alijua, na jina halikumuudhi.

"Gesi ya vidonge vya kufukiza," alisema daktari wa polisi, akivua barakoa nje. "Vile vya kuulia dumuzi kwenye nafaka. Haiui papo hapo. Huyu alipata muda mrefu wa kugonga."

"Na mlango?"

"Kufuli kwa nje, afande," sajenti alijibu. "Na utepe wa gundi pande zote. Mkewe alipompigia simu asubuhi, ilipokelewa na msagaji hapo jirani. Ilikuwa kwenye chaji tangu jana. Pikipiki yake nayo bado iko uani kwa msagaji. Ndipo wakavunja kufuli."

Mwenyekiti wa kikundi, mama mrefu mwenye sauti ya kuzoea mikutano, alisogea. Wanakikundi walibaki nyuma yake.

"Afande, pole na kazi. Najua maiti huja kwanza. Lakini humo ndani mna chakula cha nyumba zetu zote mpaka mavuno yajayo. Bado kinalika? Gesi imetoka kabla ya siku zake."

"Nani anayejua?"

Mwenyekiti akaelekeza macho mlangoni. "Huyo huyo."

Akaeleza. Mwaka uliopita kila mtu alihifadhi kwake. Mvua ilinyesha wakati wa kuanika, mahindi yakashika ukungu, na ukungu ukaleta sumukuvu. Nyumba moja ilizika watu wawili. Baada ya hapo Bwana Shamba alibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Akawa anapita nyumba kwa nyumba na chupa yake ya chumvi kavu: unatia mahindi, unatikisa, chumvi ikinata kwenye kioo basi hayajakauka, rudisha juani. Akawahimiza wajenge ghala. Msimu huu hakuna hata mtoto aliyeumwa tumbo.

"Nyumba iliyozika ni ya nani?"

"Ya Mama Ghala. Mtunza funguo wetu."

Mama Ghala alikuwa ameketi kwenye kigogo, mikono mapajani. Hakulia, wala hakujitia kulia.

"Nani alifunga mlango, mama?"

"Mimi."

"Ulijua yumo?"

"Niligonga debe. Uliza yeyote."

Inspekta aliuliza. Debe tupu lilining'inia kando ya mlango, na sharti lilikuwa la Bwana Shamba mwenyewe: kabla ya kufunga ghala lenye dawa, msagaji azime mashine, mfungaji apige debe, aite, atege sikio, ndipo afunge. Watu walimcheka mwanzoni, wakasema msomi anaogopa kufungiwa kama kuku. Kisha wakazoea. Na jana wote walikuwa wamelisikia debe.

"Basi ni ajali," sajenti alisema. "Alizirai huko nyuma, hakusikia. Alipozinduka akakuta kumefungwa."

"Huenda," alisema inspekta. "Lakini mtu amegonga mpaka akachubuka, na mashine iko hatua chache kutoka hapa. Twende kwa msagaji."

Msagaji alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

"Jana ulizima mashine?"

"Nilizima, kama kawaida."

"Ukasikia nini?"

"Debe. Afande, masikio ya msagaji ni ya kushikilia kofia tu. Debe nalisikia kwa sababu ni debe."

"Mama Ghala alitega sikio mlangoni?"

"Alitega. Jana alikawia kuliko siku zote. Kisha akafunga, akanipungia mkono niwashe."

"Bwana Shamba alikuwa wapi?"

"Nilimuuliza Mama Ghala. Akasema ameshuka mashamba ya bondeni kwa miguu, simu ataifuata baadaye."

"Kulikuwa na foleni ya kusaga?"

"Hata mtu mmoja. Nilitaka kufunga nikapumzike. Yeye akaenda kwake, akarudi na toroli, gunia zima la mahindi. Akasema, saga taratibu, baba, usiniunguzie unga. Tukasaga mpaka jua likazama."

"Anaishi na nani?"

"Peke yake, tangu misiba ile."

"Mtu mmoja, unga wa gunia zima?"

"Nilimwambia utaingia wadudu! Hakuna asagaye hivyo. Nikasema labda ana wageni..." Msagaji aliutazama ukuta uliotenganisha mashine na ghala, kisha mikono yake. "Afande, alikuwa akigonga, na mimi nasaga?"

Inspekta alitoka nje, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi kitu, kikapita.

Nyumbani kwa Mama Ghala gunia la unga lilisimama katikati ya chumba, mdomo umefungwa, halijachotwa hata kikombe. Kandokando palikuwa na vitanda viwili vilivyotandikwa vizuri. Kimoja kilikuwa kifupi.

"Wageni hawajafika, mama?"

Alilitazama gunia. "Hakuna wageni, mwanangu."

"Aliitika?"



"Aliitika," Mama Ghala alisema. "Alikuwa amerudi ndani kuchukua chupa yake. Mimi nilidhani ameshatoka. Niligonga debe kwa nia njema kabisa, nakuapia. Nikaita. Akasema, nipo, mama, nakuja."

"Ukafunga."

"Mwaka jana mahindi yangu yalinyeshewa. Nilimpigia simu aje ayaone. Hakupokea. Nikapiga tena. Nikamtuma mtu. Njia ilikuwa na tope, akaona tope ni kubwa kuliko mimi. Basi nikayahifadhi nijuavyo, tukala. Mume wangu akaanza macho kuwa ya njano, kisha mjukuu. Niliwazika ndani ya wiki moja." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Baadaye akaja kuniomba radhi. Akaniita mama. Akanipa funguo, kila mtu akasema ana moyo mzuri. Nami nikanyamaza. Lakini jana, nilipoisikia ile sauti ikijibu upesi vile, nikasema moyoni: kumbe anajua kuitika."

"Ulikwenda na toroli, ukarudi na toroli. Nafasi ya kufungua ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo yote. Sikusikia kitu humu." Akagusa kifua. "Wewe unajua ninavyosema. Nilikuona pale mlangoni ukimwangalia."

Inspekta alimfunga pingu mwenyewe, polepole, zisimbane.

Walipopita ghalani wanakikundi walikuwa bado wamesimama. Mama Ghala akasimama pia. Alifundishwa na marehemu, na sasa hapakuwa na mwingine ajuaye.

"Fungueni madirisha yote," aliwaambia. "Msile hata punje mpaka aje mtaalamu apime hewa. Dumuzi hawajafa, itabidi mfukize upya. Na kabla ya hapo pimeni kwa chumvi, ila muikaange kwanza ikauke. Mmenisikia?"

Hakuna aliyeitika.

Aliuliza tena. Mke wa marehemu aligeuza uso. Mwenyekiti alitazama chini.

Inspekta akamkabidhi kwa sajenti, akarudi mbele yao. Akayarudia maneno yale yote, madirisha, dumuzi, chumvi ya kukaanga, kwa sauti yake kavu ya kituoni.

"Tumesikia, afande," wakasema, wakaanza kufungua.