Mikono ya Mama Nzabandora

Maharagi yote yalikuwa yameiva isipokuwa moja. Emérita alilisikia likigonga ndani ya sufuria, tak, tak, wakati maji yamekwisha tulia na moto umebaki makaa matupu. Alilifukuza kwa mwiko mpaka akalinasa. Lilikuwa jeupe na gumu, wala ukucha haukuacha alama. Alidhani ni jiwe, akaliweka juu ya meza ili amwonyeshe mume wake, kwa sababu mama aliyemuuzia maharagi hayo pale Masisi alimwapia kwamba ameyachambua.

Zéphyrin alirudi saa saba mchana. Alikuwa muuguzi na mwalimu wa shule ya uuguzi ya pale kilimani, mtu wa koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, ambaye hata ukimsalimu lazima akusahihishe kitu. Alikiona kile kitu juu ya meza. Kisha akakitia mfukoni na kusema hana njaa.

Alijua si jiwe. Ulikuwa mfupa wa kifundo cha mkono, ule mdogo unaofanana na kunde, na alikuwa ameutafuta wiki nzima.

Sasa niseme alichokifanya, maana mwenyewe alichelewa kukisema. Pale Muheto paliishi mwunga mifupa aliyeitwa Mama Nzabandora. Hakujua kusoma, lakini vidole vyake vilijua mwili wa mtu kama wewe unavyojua njia ya kwenda kwenu. Aliunga mguu kwa vijiti na kamba ya ganda la mti, na alikuwa na sharti moja tu: kamba aifungue yeye mwenyewe aliyeifunga, na siku hiyo mgonjwa aseme asante. Elodie, mtoto wa Zéphyrin, alivunjika muundi akiwa na miaka minne, baba yake akiwa bado masomoni. Emérita alimpeleka kwa Nzabandora. Siku chache kabla ya kufunguliwa, Zéphyrin akarudi na diploma, akaona aibu mtoto wa muuguzi kufungwa magome, akaikata ile kamba kwa mkasi. Juu yake akapaka plasta, na mguu ulipopona akajitangaza kwamba ni yeye aliyeuponya. Nzabandora alisikia. Hakusema neno, akafa miaka mitatu baadaye na neno lake tumboni.

Mwaka huu mvua ilibomoa kilima, kaburi lake pembeni ya shamba likafunguka. Shule ilitaka mifupa ya kufundishia kabla ya mtihani wa serikali. Zéphyrin alikwenda na gunia Jumapili, watu wote wakiwa misani. Alikijua kitenge alichozikwa nacho. Alikijua hata kile kidole cha shahada kilichopinda. Emérita alipokwenda kumsalimu mama yake, Zéphyrin aliichemsha mifupa ndani ya sufuria ya maharagi, akaing'arisha kwa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, akaunganisha kila kiungo kwa nyuzi za waya wa breki ya pikipiki, akaitundika darasani. Na hapo angenyamaza, lakini ulimi hauna mfupa. Aliwaambia wanafunzi kwamba mwanamke huyu alipokuwa hai hakujua jina la mfupa hata mmoja, na sasa atawafundisha yote. Wanafunzi wakacheka, naye akacheka kuwazidi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Siku ile ile ya mfupa wa sufuriani, jioni jua likingali juu ya malisho ya ng'ombe, Elodie alikuwa anaruka kamba uani. Emérita alisikia mlio wa bua la muhindi linapovunjwa. Mtoto alikuwa amekaa chini, halii, anautazama muundi wake ambao ulikuwa umeachana palepale pa zamani.

"Mama," alisema polepole, "sikuanguka. Kuko muntu amenifungua."

Zéphyrin aliufunga mguu kwa plasta, vizuri, kama kitabu kinavyotaka. Asubuhi plasta haikuwapo. Bendeji ilikuwa imekunjwa mviringo na kuwekwa juu ya mto, na chumba kizima kilinuka javeli. Alifunga tena. Mchana, Emérita akiwa kizingitini anachambua sombe, majani ya muhogo, ikafunguliwa tena nyuma ya mgongo wake, na alichosikia ni vidole vinavyolia vifundo, kimoja kimoja, bila haraka. Kila ilipofunguliwa, mguu uliachana zaidi. Siku ya tatu ulikuwa umevimba na kuwa mweusi, na Elodie alianza kuweweseka kwa homa. Zéphyrin alijua kwa masomo yake mwenyewe nini hufuata: mguu ukatwe, au mtoto azikwe nao.

Alikwenda shuleni mchana huo kuchukua dawa, ukungu umeshuka mpaka madirishani, wanafunzi wamekwenda kula, na alipopita mbele ya darasa akasikia waya zikisugua mfupa, akajiambia ni upepo, akakumbuka kwamba madirisha yamefungwa, akasukuma mlango kwa sababu mtu anayeogopa hawezi kuacha kutazama kile anachokiogopa, akaona mifupa imetundikwa palepale ilipokuwa, imetulia, uso wake ukutani, ila mikono yake miwili ilikuwa imeinuliwa kifuani kama ya mtu anayesubiri kazi, na kwenye vidole vyote kumi, mpaka kile kilichopinda, kulikuwa na plasta mbichi.

Alirudi nyumbani akitembea kinyumenyume nusu ya uwanja. Alimweleza mke wake yote. Emérita aliichukua sufuria yake ya maharagi, akaitazama ndani kwa muda mrefu, akatapika. Kisha akapanda pikipiki ya kwenda Kalembe.

Alirudi kesho yake, Jumamosi, na Callixte, mdogo wake Mama Nzabandora, mkulima na mwindaji. Callixte alivaa rozari shingoni kama mkristo yeyote, na mila za wazee wake alikuwa hajazitupa. Hakumsalimu Zéphyrin. Aliugusa mguu wa Elodie, akautazama ukuta, akatikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa.

"Dada yangu iko hapa," alisema. "Hatafuti sadaka. Ulimufunga na waya, njo umufungue. Mwenye kufunga njo yeye mwenye kufungua."

Zéphyrin aliuliza kama anaweza kutumia koleo, akate haraka.

"Ulikata mara moja na mukasi. Ukikata tena, mutoto atakufa. Fungua na mikono."

Wakaingia darasani wawili, mvua ikipiga mabati. Zéphyrin alianza miguuni. Alipokunjua waya wa kidole gumba cha mguu wa marehemu, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kikakakamaa kama mti. Alidhani ni baridi. Alipofungua kifundo cha mguu, kidole cha pili kikafa. Hapo akaelewa bei yake, akamtazama Callixte, na Callixte akatazama mvua. Alifungua magoti, nyonga, pingili za mgongo moja baada ya nyingine huku waya ukimchana, na kwa kila kiungo alichomwachilia Nzabandora, kimoja chake kilifungwa, na kutoka nyumbani ng'ambo ya uwanja alimsikia Elodie akilia, kisha akilia kidogo, na akajua kilio hicho ama kinapungua kwa kazi yake ama kinapungua kwa sababu mtoto anakwisha, wala hakuwa na njia ya kujua ni lipi, akafungua mbavu, akafungua bega, akafika kwenye mikono ya marehemu na vidole vilivyomtii vilikuwa viwili, kisha kimoja, kisha hakuna, na mkono wa mwisho aliufungua kwa meno, mdomo wake juu ya vile vidole, akionja javeli na kutu na kitu kingine kilichokuwa bado na joto.

Ulibaki ule mfupa wa kunde mfukoni. Hakuweza kuutoa. Callixte alimtolea.

Waliirudisha mifupa Muheto siku hiyo hiyo, wakaifunika. Waliporudi, Elodie alikuwa amesimama mlangoni kwa miguu yake miwili, anaomba chakula. Zéphyrin alipiga magoti akalia kwa furaha, akataka kumkumbatia. Mikono ilining'inia tu.

Mwezi mzima Emérita alimlisha kwa kijiko. Alimpenda, na alimchukia, na kijiko kilijua siku ipi ni ipi. Kisha siku moja wakaletewa mwanamke aliyeangushwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa viazi, mkono umevunjika mara mbili. Zéphyrin alikuwa anawaambia wampeleke hospitali mikono yake ilipoinuka yenyewe. Ilipapasa, ikavuta, ikaunga, ikaomba kwa ishara vijiti na ganda la mti, ikafunga fundo ambalo hajawahi kujifunza. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda. Mwanamke akapona. Habari zikaenea mpaka Walikale, na wagonjwa wakaanza kufika, wote wakisema ni mikono ya Mama.

Kwa wagonjwa ilifanya kazi. Lakini Zéphyrin akitaka ishike kijiko, ilikataa. Na siku isiyo na mgonjwa, jua likianza kuzama, ilipanda polepole mpaka shingoni mwake, ikatafuta pingili ya kwanza chini ya fuvu, ikaibonyeza, ikatulia. Siku ya pili bila mgonjwa iligusa ya kwanza na ya pili. Akija mtu aliyevunjika, ilisahau yote, na hesabu ikaanza upya. Shingo ina pingili saba. Alikuwa amewafundisha wanafunzi mwenyewe, na alijua siku ya saba mikono itaifungua.

Alimtuma mke wake kwa Callixte kumwomba afukuze hicho kitu. Callixte alisikiliza mpaka mwisho.

"Mifupa tulizika," alisema. "Kasirani yake hatukuzika. Hiyo haiko kazi yangu."

Kwa hiyo kila asubuhi muuguzi Zéphyrin hupiga magoti na kumwomba Mungu mtu fulani avunjike. Huanza kwa aibu na kumaliza kwa machozi.

Kisha kikaja kiangazi. Njia zilikauka, watu wakatembea salama, wala hakuna aliyeanguka. Siku ya sita jioni mikono ilifika pingili ya sita na kukaa hapo muda mrefu, kidole kilichopinda kikiitafuta ya saba. Elodie aliona, akauliza Papa anafanya nini. Emérita akampeleka kulala.

Kesho yake, mapema, Emérita aliosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa safi. Alijaza maji machafu ndani ya sufuria ya maharagi, akaibeba mpaka penye mteremko, pale njia inapokata kona na udongo ni mwekundu na laini. Kutoka juu zilisikika chukudu zinashuka kwenda sokoni, na vijana wanaoziendesha walikuwa wanaimba. Emérita akafanya ishara ya msalaba, akamwaga maji yote njiani, akarudi nyumbani kutayarisha vijiti.