Mkwaruzo wa Tatu

Kazi ya kaka yangu Pil-gyu ilikuwa moja tu: kuufunga muziki. Kila mwezi wa tano, wapigaji wakishawapigia wafalme waliokufa muziki wao pale hekaluni Seoul, yeye anamgonga kichwani mara tatu simbamarara wa kuchonga kwa mti, ambaye ni ala ya muziki, kisha anamkwaruza meno yaliyochongwa mgongoni kwa fimbo ya mwanzi, mara tatu. Hapo mizimu inajua karamu imekwisha, inarudi kwao. Tulimtania sana. "Mshahara mzima kwa kukuna mgongo!"

Siku hiyo jua lilikuwa zuri. Mimi ndiye niliyetoka mbio nyumbani kumpelekea habari: wifi yangu Ok-bun amejifungua salama. Nilifika muziki ukiwa ukingoni. Nikampungia mkono kutoka kwenye umati, nikamwonyesha kwa midomo: mvulana! Pil-gyu akacheka meno yote nje. Akakwaruza mara ya kwanza. Mara ya pili. Akaiweka fimbo chini.

Nilihesabu. Mzee Guk, mpiga ngoma, naye alihesabu. Nilikuwa nimeshafika karibu yao alipomsogelea na kumnong'oneza, "Wewe, ya tatu iko wapi?"

"Nimepiga tatu, mzee. Masikio yako hayo."

Alikuwa anadanganya. Namjua ndugu yangu. Akidanganya hushika sikio, na hapo alikuwa amelishika.

Mtoto hakunyonya siku hiyo. Wala hakulia. Kesho yake vilevile. Daktari akamdondoshea maji ya sukari kwa kijiko, yakamwagika yote. Supu ya mwani, chakula cha mzazi kwetu, niliyompikia Ok-bun ilikuwa na chumvi nikionja jikoni. Ikimfikia yeye, maji matupu. Mama akaanza kunitazama kwa jicho baya. "Umeingiza nini humu, Mal-sun?" Niliumia jamani. Mimi? Pil-gyu naye akasema Mzee Guk ametuloga kwa wivu. Nyumba nzima hakuna aliyemwamini mwenzake.

Siku ya tatu asubuhi midomo ya mtoto ilikuwa imekauka. Nikamkamata kaka shati.

"Sema kweli. Ulipiga ngapi?"

Mkono ukaenda sikioni. Kisha akaanza kulia. "Mbili, dada."

Tukaenda hekaluni saa ileile. Mzee Guk akatufungulia stoo. Simbamarara alikuwa amefunikwa shuka. Pil-gyu akalitoa, akakwaruza. Mara moja tu. Krrrr. Tukasubiri.

"Wafalme wameondoka?" nikanong'ona.

"Nendeni nyumbani mkaone," akasema Mzee Guk. Hakunitazama usoni.

Tulimkuta Ok-bun analia kwa furaha. Mtoto ananyonya! Ananyonya kwa pupa, koo linasikika. Kaka alipiga magoti hapohapo. Mama peke yake hakufurahi. Akanivuta hadi mlango wa chumba cha mzazi. Tulipoondoka alikuwa amemwaga majivu kuanzia pale hadi kwenye godoro la mtoto, aone kitakachotoka.

Kulikuwa na alama. Za viatu, vipana, na kwetu hakuna anayekanyaga chumbani na viatu. Hatua nne. Zote zilielekea ndani, zikakomea kwenye godoro. Za kutoka hazikuwepo.

"Usimwambie kaka yako," mama akaninong'oneza, akayafagia.

Sijamwambia. Mtoto ana miaka sita sasa, mcheshi, mzuri, akiniona tu anakimbia kunipokea: "Shangazi! Shangazi, nibebe!"

Mimi sijawahi kumbeba.