Sekela Alibana Siku Tatu

Sekela ana miaka minne na nusu. Anaishi Tukuyu, mahali penye mvua nyingi na migomba mingi.

Mama yake anachuma chai. Kila asubuhi anapanda mlimani na kikapu mgongoni. Kule juu simu haishiki.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kupanda, mama anampeleka Sekela kwa Mama Ambwene.

Mama Ambwene analea watoto nyumbani kwake. Wako sita. Sebuleni kuna mkeka mkubwa. Uani kuna poti mbili, nyekundu na ya bluu, na ndoo ya maji yenye koki.

"Shikamoo, Mama Ambwene."

"Marahaba, Sekela. Umelala vizuri?"

"Ndiyo."

"Haya, vua viatu uingie."

Basi Jumatatu moja, mtoto mmoja kati yao, Lusajo, aliumwa tumbo.

Lusajo alikuwa amekaa mkekani na Sekela. Walikuwa wanapanga vizibo vya soda. Mara Lusajo akanyamaza. Akashika tumbo.

Prrrt.

Kaptura ikalowa. Mkeka nao ukalowa.

Mama Ambwene hakugomba. Alivaa glavu. Alimwogesha Lusajo kwa maji ya uvuguvugu, akamvalisha kaptura safi. Kisha akamchanganyia maji ya dawa na kumpa kwa kijiko.

"Kidogo kidogo," alisema. "Usiyanywe kwa pupa."

Prrrt. Tena.

Prrrt. Mara ya tatu.

Mama Ambwene akapiga simu. Baba yake Lusajo akaja na baiskeli. Akampakia Lusajo mbele yake, wakaondoka polepole.

"Lusajo ameenda wapi?" Sekela aliuliza.

"Kwao," alijibu Mama Ambwene. "Ameharisha. Atakaa nyumbani."

Hakusema zaidi. Alikuwa na kazi. Aliosha mkeka. Kwaru, kwaru, kwaru. Aliosha sakafu. Kwaru, kwaru, kwaru. Aliosha poti zote mbili na vikombe vyote sita.

Sekela alisimama mlangoni akiwaza.

Lusajo amepata choo. Lusajo amerudishwa kwao.

Kumbe ukipata choo kwa Mama Ambwene, unarudishwa kwenu.

Na kwao Sekela, mchana hakuna mtu. Mlango umefungwa kwa kufuli. Mama yuko juu kwenye chai, na simu haishiki.

Nani atakuja kumchukua?

Mchana ule, baada ya kula, haja ikamjia. Haja kubwa.

Sekela akabana. Akabana, akabana.

"Bado," akaliambia tumbo lake.

Tumbo likasema, "Nguru, nguru, nguru."

Haja ikaondoka. Lakini choo hakikuondoka. Kilibaki palepale ndani, kinakauka.

Jioni mama alimwuliza, "Umeenda chooni leo?"

"Ndiyo," Sekela alisema. Na ni kweli alikuwa amekwenda. Alikwenda kukojoa.

Jumanne ikafika. Lusajo hakuja.

Watoto walikunywa uji. Wakacheza. Mtoto mdogo, Ipyana, akapelekwa kwenye poti ya bluu. Sekela akamtazama kwa huruma. Sasa na Ipyana atarudishwa kwao, aliwaza.

Lakini Ipyana alioshwa, akavalishwa, akapewa ndizi.

Labda kwa sababu Ipyana ni mdogo, Sekela akawaza. Labda wadogo wanasamehewa.

Haja ikamjia tena.

Sekela akabana. Akabana, akabana.

"Bado," akaliambia tumbo lake.

Tumbo likasema, "Nguru, nguru, nguru."

Jumatano, Lusajo hakuja.

Siku hiyo Sekela hakumaliza uji. Alikula wali vijiko viwili tu. Watoto walipokimbizana uani, yeye alikaa kwenye ngazi na magoti yake ameyakunja.

"Sekela, mbona huchezi?" aliuliza Mama Ambwene.

"Nimechoka."

Mama Ambwene alimgusa shingo. Hakuwa na joto. Lakini alimwekea kikombe chake peke yake, na akamwangalia kila mara.

Haja ikaja. Safari hii ilikuja na maumivu.

Sekela akabana. Alipishanisha miguu. Akauma mdomo. Akabana, akabana.

"Bado," akaliambia tumbo lake.

Tumbo halikusema kitu. Lilikuwa gumu kama boga.

Alhamisi asubuhi mvua ilinyesha. Mama yake Sekela alikuwa ameshapanda mlimani. Watoto walikuwa ndani, wanachora kwa chaki kwenye sakafu.

Sekela aliinuka achukue chaki ya kijani. Akahisi kitu cha majimaji kwenye chupi. Kidogo tu.

Akakaa chini haraka. Hakuchora tena.

Mama Ambwene ana pua nzuri. Alikuja, akachuchumaa karibu naye, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Sekela, twende uani mimi na wewe."

Wakaenda uani, chini ya bati, mvua ikipiga. Ta, ta, ta, ta. Mama Ambwene akaitazama ile chupi.

"Naona na wewe umeanza kuharisha," alisema.

Akatoa simu mfukoni. Akampigia mama yake Sekela.

Simu haikushika. Akabonyeza tena. Haikushika.

Sekela akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalishuka tu.

"Usinirudishe," alisema. "Nyumbani hakuna mtu. Mimi sijapata choo. Hiyo imetoka yenyewe. Mimi nimebana."

Mama Ambwene akashusha simu.

"Umebana?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Sekela akahesabu kwa vidole. "Tangu siku ya Lusajo."

"Kwa nini ulibana, mama?"

"Kwa sababu Lusajo alipata choo, ukamrudisha kwao."

Mama Ambwene akarudisha simu mfukoni. Mvua ikaendelea. Ta, ta, ta, ta. Kisha akavuta kigoda, akakaa, akamweka Sekela mapajani.

"Nilikosea," alisema. "Niliosha mkeka, nikaosha sakafu, nikaosha vikombe. Lakini nyie sikuwaeleza kitu."

Sekela akafuta pua.

"Sikiliza. Kila mtu anapata choo. Wewe, mimi, mama yako, hata mwenyekiti wa mtaa."

"Hata mwenyekiti?"

"Hata yeye. Huo siyo ugonjwa. Chakula kikiingia, makapi yanatoka. Lakini Lusajo alikuwa anaharisha. Choo chake kilikuwa cha maji, kikaja mara tatu asubuhi moja. Mtu wa hivyo anakaa kwao apumzike, anywe dawa, na asiwaambukize wenzake. Sikumfukuza. Akipona, anarudi."

"Na mimi naharisha?"

Mama Ambwene akaliminya tumbo la Sekela polepole, upande wa kushoto.

"Hapa panauma?"

"Ndiyo."

"Wewe huharishi. Wewe choo kimekuwa kigumu. Umewahi kuona jiwe kwenye mtaro? Jiwe linaziba, lakini maji kidogo yanapita pembeni. Haya majimaji ndiyo yaliyopita pembeni."

Sekela akalitazama tumbo lake.

"Jiwe litatoka?"

"Litatoka. Tutalisaidia. Na lisipotoka leo, kesho nitakwenda nawe zahanati, pamoja na mama."

Mama Ambwene akamwosha Sekela, akamvalisha chupi safi. Ile chafu akailoweka kwenye beseni. Kisha wakanawa mikono kwa sabuni, wote wawili. Sekela alinawa mpaka katikati ya vidole.

Kisha kazi ikaanza.

Sekela alikunywa maji ya uvuguvugu, kikombe kizima. Akala papai, vipande vinne. Mvua ilipokatika, wakatembea kuzunguka migomba, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Halafu akakaa kwenye poti nyekundu.

Hakuna kitu.

"Sawa," alisema Mama Ambwene. "Inuka ukacheze."

Akanywa maji tena. Akala uji. Akakaa kwenye poti nyekundu.

Hakuna kitu.

"Litaniumiza," Sekela alisema.

"Pengine kidogo. Halafu itaisha."

"Kweli?"

"Kweli. Sikudanganyi."

Mama Ambwene akachukua ungo wa maharage, akakaa kando, akaanza kuchambua. Hakumtazama Sekela. Hakumwambia fanya haraka.

"Nyayo ziguse chini," alisema tu, macho yakiwa kwenye maharage. "Inama mbele kidogo. Puliza kama unapoza uji."

Sekela akapuliza. Fuuu.

Akapuliza tena. Fuuu.

Haja ikaja. Sekela alitaka kubana. Miguu ilishaanza kupishana.

Lakini safari hii hakubana. Akashika magoti yake kwa mikono miwili. Akapuliza. Fuuu. Iliuma. Machozi yakamlenga. Akapuliza. Fuuu.

Ko.

Kitu kilianguka kwenye poti kama kokoto.

Ko. Ko.

Halafu, pu. Pu, pu, puuu.

Sekela akashangaa. Akageuka kutazama.

"Vyote vilikuwa ndani yangu?"

Mama Ambwene naye akatazama. "Vyote. Vilikuwa vimepanga chumba."

Sekela akacheka mpaka akakaribia kuanguka kutoka kwenye poti. Mama Ambwene akacheka pia, na baadhi ya maharage yakamwagika.

Mama Ambwene akamwosha Sekela. Wakaimwaga poti chooni, wakaiosha. Wakanawa mikono kwa sabuni. Kisha Sekela akaomba wali, akala sahani nzima, akaongezewa.

Baadaye Mama Ambwene akawakusanya watoto mkekani. Akawaeleza kama alivyomweleza Sekela. Hakumtaja Sekela.

"Ukibanwa, unasema nini?" aliwauliza.

"Nimebanwa," wakajibu.

"Na tumbo likiuma?"

"Tunakwambia."

"Na ikitoka kwenye nguo kwa bahati mbaya?"

Watoto wakatazamana. Hilo hawakulijua.

"Mnaniambia pia," alisema Mama Ambwene. "Nguo zinafuliwa."

Jioni mama yake Sekela alishuka kutoka mlimani. Nguo zake zilikuwa zimelowa mvua. Mama Ambwene akamkaribisha ndani, akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, hata lile kosa lake.

"Mama Sekela," alimalizia, "mpe maji kila mara, na matunda. Na kila baada ya kula, mkalishe kwenye poti kidogo, hata kama hajabanwa. Asiogope tena."

"Asante sana, Mama Ambwene."

Mama akamgeukia Sekela. Akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Ulikuwa unabana kwa ajili yangu?"

Sekela akatikisa kichwa kukubali. "Simu yako haishiki."

"Haishiki, kweli." Mama akafikiri kidogo. "Lakini pale barabarani kuna yule kijana wa bodaboda, Gwakisa. Anaijua njia ya shambani kwetu. Nitazungumza naye leo. Ukiumwa, Mama Ambwene atamtuma Gwakisa, na mimi nitashuka."

"Hata ukiwa katikati ya chai?"

"Hata nikiwa katikati ya chai."

Mama Ambwene akasema, "Na mpaka ufike, atakaa na mimi. Simwachi mtoto mlangoni penye kufuli."

Wakapita kwa Gwakisa. Mama akazungumza naye, na Sekela akasikiliza kila neno. Gwakisa akasema, "Sawa, dada. Nikiitwa tu, napanda." Ndipo wakaenda nyumbani.

Ijumaa Lusajo hakuja bado. Jumamosi na Jumapili watoto wote walikuwa makwao. Jumatatu baiskeli ya baba yake ikasimama mlangoni, Lusajo akashuka. Alikuwa amekonda kidogo, lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

"Mimi niliharisha mara tisa," aliwaambia wenzake.

"Mimi sikupata choo siku tatu," Sekela alisema.

Lusajo akamtazama kwa heshima. Wakakaa mkekani. Mkeka ulikuwa safi, unanukia sabuni.

Asubuhi ileile, katikati ya mchezo, Sekela akasimama.

"Mama Ambwene, nimebanwa."

"Nenda, mama. Nakuja."

Akaenda. Haikuchukua muda. Pu. Akaoshwa. Akanawa mikono kwa sabuni, akarudi mkekani. Hakuna mtu aliyegeuka kumtazama.

Usiku, mama alimfunika Sekela blanketi. Nje baridi ya Tukuyu ilikuwa imeshuka. Mama akalala kando yake, akanyoosha miguu iliyochoka.

"Mama," Sekela aliita.

"Naam."

"Na wewe ukibanwa kule kwenye chai, unakwenda wapi?"

"Kuna choo pale tunapopimia majani."

"Ni mbali?"

"Mbali kidogo. Wakati mwingine nangoja mpaka kazi iishe."

Sekela akainuka kwa kiwiko. Akamtazama mama yake gizani.

"Usingoje, mama," alisema. "Nenda tu."

Mama akacheka taratibu, akamvuta karibu.

"Haya," alisema. "Kesho nitakwenda."

Lakini Sekela alikuwa ameshalala.